Nimesomeshwa kwa dagaa, sasa nimeitwa Ulaya kusomea maumivu ya samaki

Shangazi, shikamoo. Wasomaji wenzangu, habari za huko mliko.

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Mwanza, nafundisha falsafa ya maadili. Najua yupo atakayecheka kusikia mwalimu wa mema na mabaya anaomba kuelekezwa jema la kufanya. Mganga hajigangi, na hili limenishinda.

Mama yangu anauza dagaa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba. Alianza na beseni kabla sijazaliwa. Leo ananunua kwa magunia kutoka visiwani na kuwauzia wanunuzi wa Dar es Salaam na wa Kongo. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi, kwa hiyo ada, sare, nauli na kodi ya chumba nilipokuwa chuoni, vyote vilitoka kwenye dagaa. Nilipomwambia nimechagua falsafa alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani unataka usista?" Si swali la kijinga. Kwetu falsafa imekaa zaidi seminarini, wanaoelekea upadre huisoma kabla ya teolojia, na mimi mwenyewe nilisoma na mafrateri wengi kuliko wasichana.

Kwa wasiojua ngazi zetu: ukimaliza shahada ya kwanza kwa GPA isiyopungua 3.8 unaweza kuajiriwa ngazi ya chini kabisa, tunayoiita TA (Tutorial Assistant). Ukipata shahada ya uzamili yenye alama nzuri unapanda kuwa mhadhiri msaidizi, na hapo unakaa mpaka upate udaktari. Bila huo huitwi mhadhiri, na somo unalofundisha ni lile ambalo wakubwa wamelikimbia. Langu ni somo la maadili la lazima, linalochanganya wanafunzi wa uhasibu, ualimu na sheria katika ukumbi mmoja ambamo wengine wanakaa madirishani na kipaza sauti kinakata kila baada ya dakika chache.

Nalipenda, sitaki kudanganya. Nawaambia kwamba Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, mwaka 1797, alishikilia kuwa hata muuaji akikugongea mlango akimtafuta rafiki uliyemficha ndani, huna ruhusa ya kumdanganya. Ukumbi unalipuka. Kijana mmoja wa Ukerewe alisimama akasema yeye angemjibu muuaji, "Amevuka na feri ya asubuhi kwenda Nansio, kamfuate," na kwamba inaelekea huyo Mjerumani hajawahi kutafutwa na mtu. Upo pia ule mfano wa mwanafalsafa wa Uingereza, Philippa Foot, wa mwaka 1967, wa dereva wa treni iliyokatika breki anayelazimika kuchagua kati ya kuua watu watano na kuua mmoja. Watu hunishauri niugeuze uwe mtumbwi uliojaza abiria, ili wanafunzi waelewe upesi. Siugeuzi. Ukumbini mna watoto wa Ukara na Ukerewe, na feri ya MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikaua watu zaidi ya 200. Nawaachia treni ileile ya Uingereza.

Sasa mkasa wenyewe. Nimepata nafasi ya udaktari Uholanzi. Kule mwanafunzi wa udaktari huajiriwa na kulipwa mshahara, kwa kawaida miaka 4, kwa hiyo si jambo la kuchezea kwa mtu mwenye mshahara wangu. Tatizo ni mada. Mradi unahusu hadhi ya samaki kimaadili: je, samaki anaumia, na kama anaumia, sisi tunaomvua tuna wajibu gani kwake?

Msione ni upuuzi wa watu walioshiba. Mwanafalsafa Bentham wa Uingereza aliandika mwaka 1789 kwamba kuhusu mnyama swali halihusu uwezo wake wa kufikiri wala wa kusema, bali kama anaweza kuteseka. Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, alilikuza swali hilo mwaka 1975, na mjadala haujapoa mpaka leo. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza, akiwemo Lynne Sneddon, waliwachoma samaki aina ya trauti sindano za sumu ya nyuki na asidi kwenye midomo. Samaki wale wakaacha kula kwa muda, wengine wakawa wanasugua midomo kwenye changarawe, na walipopewa mofini wakatulia. Wapo wanaopinga, wanaosema ubongo wa samaki hauna ile sehemu ya juu ambayo kwetu ndiyo inayohisi maumivu, kwa hiyo tunachokiona ni mwili kujikunja tu. Nimesoma pande zote mbili. Kwa maoni yangu mizani imeelemea upande wa kwamba wanaumia, ingawa siwezi kuapa.

Ugumu unaanza pale mtu anapopiga hesabu. Sangara mmoja mkubwa analisha familia kwa roho moja. Uzito huohuo wa dagaa ni roho maelfu, na kila mmoja amekufa kwa kukosa pumzi ndani ya mtumbwi, usiku wa giza, chini ya taa. Ukifuata idadi peke yake, gunia la mama yangu ni dhambi kubwa kuliko kontena zima la minofu ya sangara. Tena sangara anakula dagaa, kwa hiyo anayevua sangara ameokoa dagaa wasiohesabika! Hesabu inatoka safi kabisa, na jibu lake ni kwamba anayekula minofu huko Ulaya ana mikono misafi kuliko mama wa Igoma anayeweka kiganja cha dagaa kwenye mboga ya watoto. Mimi nikiona hoja imefika hapo nashuku kwamba kuna kitu kilisahauliwa njiani: nani anakula nini, kwa bei gani, na ana njia gani nyingine. Kwenye usaili nililisema hilo. Walilipenda. Wakaniahidi sura moja ya tasnifu kwa ajili ya "mtazamo wa Kiafrika".

Sura moja! Mwanafalsafa Odera Oruka, mtu wa huku huku kwenye ziwa upande wa Kenya, alitumia miaka mingi akiwahoji wazee wa vijijini kama wanafalsafa kamili, mpaka alipofariki mwaka 1995. Na mama yangu naye ana msimamo wake. Utotoni tukimchokoa kamongo kwa vijiti (mnamjua alivyo, anatolewa majini na anaendelea kuhema muda mrefu), mama alikuwa anafoka: "Ua ule, usimchezee!" Kant naye alifundisha kwamba anayezoea kuwatesa wanyama atakuja kuwa mgumu kwa binadamu. Mama hajawahi kumsikia, lakini wanakaribiana, na mama anaeleweka haraka zaidi.

Mada niliyoitaka ilikuwa nyingine. Niliandika andiko kuhusu haki kati ya tajiri, yaani mwenye mtumbwi, na wavuvi wake. Kwenye ziwa letu kwanza yanatolewa makato ya mafuta, chambo na chakula, kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Usiku mkikosa, mafuta yameungua. Deni ni la nani? Nyavu zikiibiwa ziwani, mvuvi aliyesinzia anadaiwa? Hayo ni maswali ya falsafa kabisa, na sijaona mtu aliyeyaandika inavyostahili. Nilipeleka andiko hilo kila mlango niliouona. Majibu yalikuwa ya adabu na yote yalikuwa hapana. Samaki amepata mfadhili, mvuvi hajapata.

Profesa mmoja mstaafu ninayemheshimu ameniambia, "Chukua udaktari, ukirudi tafiti unachotaka." Mwenzangu wa ofisini, ambaye naye yuko ngazi ileile ninayolia nayo, anasema profesa anakumbuka zama zake. Siku hizi unayoandika kwenye udaktari ndiyo jina lako. Makala zitakuwa za samaki, mialiko itakuwa ya samaki, na miaka 10 baadaye hakuna atakayeniuliza habari za tajiri na mvuvi. Naona wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana hawanisaidii.

Lakini hayo ningeyabeba mwenyewe. Kinachoninyima usingizi ni mchango.

Nilimweleza mama waziwazi: ni falsafa, si uvuvi, na wanauliza kama kumuua samaki ni kumkosea. Akasema, "Sawa, falsafa ya samaki." Kesho yake Mwaloni nzima ilikuwa inajua kwamba binti yake anakwenda Ulaya kusomea samaki, na akirudi atawatafutia kina mama vichanja vya kisasa vya kuanikia. Nikamkalisha tena, nikaeleza upya, taratibu. Akacheka. "Mwanangu, kila kinachokufa kinaumia. Waulize hao wenzako wanataka tule nini." Kwake mjadala ukawa umefungwa.

Sasa kikundi chake cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, kimeamua kunichangia. Viza, tiketi na mahali pa kupanga nitarudishiwa fedha nikishafika, ila sharti nitangulize kutoka mfukoni, na mfuko wangu mnaujua. Kina mama hawakopeshi, wanatoa zawadi. Baadhi yao hawana hata gunia, wanalipwa kwa kuanika na kugeuza dagaa wa wengine juani. Na wanatoa kwa ajili ya vichanja ambavyo sikuviahidi.

Nikienda kwenye kikao chao Jumapili nikaeleza kinagaubaga ninachokwenda kusomea, wapo watakaocheka kama mama, na wapo watakaoona nimewatukana: tumemlea kwa dagaa, anakwenda kuandika kwamba sisi ni wauaji. Nikipokea kimyakimya, nitakuwa nimekula fedha ya watu kwa matumaini ambayo najua si ya kweli. Nilifikiria kuomba iwe mkopo, nirudishe na riba kama mwanachama yeyote. Mama amekuja juu. "Ukiwarudishia wenzangu zawadi yao umenivua nguo sokoni." Na yeye ndiye atakayebaki nao pale, mimi nitakuwa Ulaya kwenye baridi.

Shangazi, naomba unisaidie hapo kwanza. Je, kuna namna ya kuwaambia kina mama wale ukweli wote bila kumwaibisha mama? Au ukweli niliokwisha kumwambia yeye unatosha, na ya kikundi ni ya kwake? Darasani ningewapa wanafunzi swali hili kama zoezi na ningewapunguzia alama wote wanaojibu haraka.

Kuhusu nafasi yenyewe, ningependa kusikia kwa walimu wa vyuo waliowahi kuchukua mada ya mtu mwingine kwa sababu ndiyo iliyokuwa na fedha. Mliweza kurudi kwenye yenu, au ilikufa? Je, niwabane wanipe zaidi ya sura moja kabla sijasaini, au mtu wa ngazi yangu akibana sana anapoteza yote? Jibu wanalitaka mwisho wa mwezi huu. Chuo changu nacho kina mkataba wake: nikienda masomoni kwa ruhusa yao lazima nirudi kuwatumikia, jambo ambalo halinisumbui, kwa sababu sina mpango wa kuhamia kwa watu.

Msiniambie nimwombe Mungu tu, namwomba. Wala msiniambie niolewe kwanza, mama mkubwa ameshalisema hilo kwa niaba yenu wote. Na kama yupo anayejua mfuko unaofadhili utafiti wa wavuvi na matajiri wao, aandike upesi kabla ya Jumapili.

Ni mimi,
Binti wa Mwaloni,
Mwanza.