YAH: Fundi wenu kuzima seva kazi yetu ikiwa hai

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Salaam. Naandika kwa heshima, ingawa Jumanne kwenye kaunta yenu sikuiona.

Hesabu za dagaa za siku 3, mwalo wa Kirumba, zimepotea. Fundi wenu ndiye aliyeianzisha kazi ya kuzijumlisha kwenye seva, kwa nyuma (yaani ikiendelea bila kushika kibodi), kwenye terminali yake, dirisha la kuandikia amri. Aliponigeuzia skrini, amri ya jobs, inayoorodhesha kazi za namna hiyo, ilionyesha wazi: kazi namba 1 imesimamishwa, inasubiri kusoma kutoka terminali. Nikamwambia, kaka, haijafa hii. Kazi iliyo nyuma ikijaribu kusoma kibodi, kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, huipelekea SIGTTIN, ishara ya kuisimamisha, inaganda palepale na hesabu zake zote ziko kwenye RAM, kumbukumbu ya muda. Andika fg, amri ya kuirudisha mbele, jibu swali lake, itaendelea. Akacheka. "Dada, wewe kauze dagaa, haya tuachie wenyewe." Akaandika reboot, amri ya kuzima seva na kuiwasha upya, inayofuta RAM.

Swali lenyewe mlilileta ninyi, mlipobadilisha toleo la programu ya kujumlisha. Tangu hapo inaomba uthibitisho kila usiku. Niliwaandikia wiki 2 kabla. Kimya.

Sikuweza kuandika fg kwangu, maana amri hiyo inatambua tu kazi za sheli (programu inayopokea amri) iliyozianzisha. Ufunguo alikuwa nao yeye.

Narudia, kwa sababu meneja wa zamu alidai ni "hitilafu ya umeme". Umeme ulikuwepo, feni inazunguka. Nilisema "fg" mara 3, mara ya tatu nikiwa nimeshika ukingo wa kaunta. Mzee kutoka Ukerewe, ambaye mzigo wake umo kwenye hesabu hizo, alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Kijana yule akaniangalia usoni, akasema nikauze dagaa, watu wakacheka, kidole kikashuka kwenye Enter. Skrini ikawa nyeusi. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, na pesa yangu?"

Nimlipe kwa daftari gani?

Naomba mnirudishie ada ya mwezi huu. Tena si mwezi huu tu, ni tangu mlipobadilisha toleo. Fundi aniombe radhi palepale kwenye kaunta, mchana, watu wakiwepo, na gharama za kuhesabu upya na wavuvi mzibebe ninyi. Nawapa siku 7. Zikipita, nahamisha seva, na barua hii pamoja na picha ya skrini naipeleka Tume ya Ushindani.

Mteja wenu, bado,
Kirumba, Mwanza