Panga nililiona vizuri, sura sikuiona

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu ushahidi wa macho mliifunga kwa kisa cha Donald Thomson, yule mhadhiri wa saikolojia wa Australia aliyekuwa akichunguza jinsi watu wanavyokumbuka walichokiona. Miaka ya sabini alikamatwa kwa tuhuma za ubakaji, na mwanamke aliyetendewa unyama huo akamtoa kwenye gwaride la utambulisho, pale polisi wanapopanga watu mstari ili shahidi amwonyeshe mhalifu. Kumbe saa ya tukio Thomson alikuwa studio, hewani moja kwa moja, anazungumzia mambo hayohayo ya ushahidi na kumbukumbu, na televisheni ya yule mama ilikuwa imewashwa. Sura ya kwenye kioo ikahamia kwa mhalifu. Mwandishi wenu amekisimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi sikucheka, maana niliwahi kumtoa mtu kwenye gwaride, na hakuwa yeye.

Nina kibanda cha wakala wa miamala ya simu hapa Mbagala. Jioni moja, yapata saa moja na nusu, umeme umekatika, nimewasha kitaa changu cha sola, walikuja vijana wawili. Mmoja alibaki kwenye pikipiki. Wa pili akapenyeza panga dirishani. Panga lile naweza kulichora hata leo. Mpini ulizungushiwa ukanda mwekundu wa mpira, ncha ilikuwa imekatika kidogo, na karibu na mpini palikuwa na kutu yenye umbo la jani. Wakaondoka na simu zangu mbili na shilingi 480,000. Kituoni nilipoulizwa mtu mwenyewe yukoje, nilisema ni kijana, maji ya kunde, hana ndevu. Nikaulizwa kingine. Sikuwa na kingine.

Mtoto wa dada yangu anasoma sheria, na ndiye aliyenifungua macho baadaye. Aliniambia hali ile inafahamika siku nyingi. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, waliwaonyesha wanafunzi picha za mteja aliyesimama mbele ya mhudumu wa mgahawa. Kundi moja liliona mteja ameshika bunduki, lingine likamwona ameshika hundi, na chombo maalumu kilikuwa kikifuatilia macho yao yanatua wapi. Macho yaliifuata bunduki mara nyingi zaidi, yakakaa hapo kwa muda mrefu zaidi, na walioona bunduki wakashindwa zaidi kuitambua sura ya mteja. Hao walikuwa wamekaa vitini wanatazama picha tu! Mimi panga lilikuwa shubiri moja kutoka kooni.

Wiki tatu zikapita, nikaitwa kwenye gwaride la utambulisho. Vijana wamepangwa mstari, umri mmoja, vimo vinakaribiana. Nilitembea mbele yao kwenda na kurudi. Wa tatu kutoka kushoto alinijia kama mtu niliyewahi kumwona. Nikamgusa bega, maana ndivyo inavyotakiwa, ushike mtu, usinyooshe kidole tu kwa mbali. Ungeniuliza dakika ile nina uhakika kiasi gani, nikajibu kwa kiapo, ningekwambia nusu, au nusu na kidogo. Hakuna aliyeniuliza. Tulipotoka nje askari mmoja aliyetusindikiza akanipa mkono: "Hongera mama, umemgusa mwenyewe."

Hilo neno hongera ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Usiku ule sura ya yule kijana ilinijia safi kama picha ya kitambulisho. Nilimwona dirishani, ameshika panga, na taa inammulika usoni. Nilipoandika maelezo ya nyongeza nilisema nilimtazama kama dakika mbili, kwa karibu, mwanga ukitosha. Naapa sikusema uongo. Nilieleza nilichokuwa nakiona kichwani kwa wakati huo. Lakini wiki tatu kabla, kituo hichohicho, sikuweza kutaja zaidi ya kijana, maji ya kunde, hana ndevu.

Mwaka 1998 wanasaikolojia Gary Wells na Amy Bradfield wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, walilichunguza jambo hili hasa. Waliwaonyesha watu mkanda wa kamera ya ulinzi, kisha wakawapa picha kadhaa wamtafute mhalifu. Picha ya mhalifu haikuwekwa kabisa, kwa hiyo kila aliyechagua alikosea. Baada ya hapo baadhi yao wakaambiwa: vizuri, umemtambua mshukiwa. Wengine hawakuambiwa chochote. Walipoulizwa maswali baadaye, waliosifiwa walidai kuwa tangu mwanzo walikuwa na uhakika mkubwa, walimwona mtu yule vizuri zaidi, na walikuwa wamemkazia macho zaidi. Mkanda ulikuwa uleule.

Sasa, Mhariri, wapeni jambo hili wanasheria wenu walitafune. Tangu kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama yetu ya Rufani inasema mtu asitiwe hatiani kwa kutambuliwa kwa macho mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Na ikaeleza mambo ya kupimwa: shahidi alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, aliwahi kumwona kabla au la. Ni mizani nzuri sana, naiheshimu. Ila anayejibu maswali hayo ni nani? Ni shahidi, kwa kumbukumbu ileile iliyokwisha kupewa mkono wa hongera. Muda unarefuka, mwanga unaongezeka, na hakimu anaandika kuwa mazingira yalikuwa mazuri. Kwangu mimi dakika mbili zile, nikizihesabu leo kwa kufuata mambo yaliyotendeka pale dirishani, hazizidi sekunde ishirini.

Mpwa wangu alinionyesha pia kuwa taratibu za gwaride si za jana. Mwaka 1936, katika kesi ya Mwango wa Manaa, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikwisha kuagiza mtuhumiwa achanganywe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye, shahidi amguse anayemtambua, na askari mwenye upelelezi wa kesi asiwe ndiye anayeendesha gwaride. Wazee wale waliona mbali. Lakini kutoendesha si kutojua. Anayeendesha anaweza kuwa mwingine na bado akajua ni yupi, na uso wake ukasema, au mwenzake akasema nje ya mlango kama nilivyoambiwa mimi. Jimbo la New Jersey, Marekani, mwaka 2001 lilitoa mwongozo kwamba, inapowezekana, anayesimamia utambuzi asijue kabisa mshukiwa ni nani.

Najua jibu litakalokuja: kituo kidogo, askari wanne, wote wanajua. Basi aazimwe mmoja kutoka kituo cha jirani kwa nusu saa. Na hata hilo likishindikana, liko jambo lisilohitaji zaidi ya kalamu. Shahidi akishamgusa mtu, palepale, kabla hajatoka na kabla mtu yeyote hajafungua mdomo, aulizwe ana uhakika gani, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka. Akisema "nadhani", iandikwe nadhani. Hakimu aisome miezi sita baadaye, wakati huyo shahidi anaongea kizimbani kama aliyekuwa na darubini.

Wapo watakaosema huku ni kuwatetea majambazi. Siku niliyomgusa yule kijana, mwenye panga alikuwa mtaani na simu zangu, na hakuna aliyekuwa akimtafuta tena.

Kijana alikaa mahabusu miezi minne. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana. Aliyemwokoa ni mama yake, aliyetafuta karatasi za hospitali mpaka akazipata: usiku ule mwanawe alikuwa wodini, ametundikiwa dripu ya malaria. Upande wa mashtaka ukaliondoa shauri. Thomson aliokolewa na televisheni, huyu na karatasi ya wodi. Ronald Cotton wa North Carolina, Marekani, alihukumiwa kwa ubakaji mwaka 1985 na akatoka 1995, vipimo vya vinasaba vilipoonyesha mhalifu ni mtu mwingine. Na aliyemtaja yeye alikuwa msichana wa chuo aliyejitahidi makusudi kuikariri sura ya mbakaji wakati anatendewa. Baada ya gwaride naye aliambiwa amemchagua yuleyule aliyemchagua kwenye picha.

Shauri lilipoondolewa nilirudi kibandani nikafungua daftari la miamala, sijui nilikuwa natafuta nini. Jina la kijana lilikuwamo mara nne katika miezi miwili kabla ya tukio, na saini yake pembeni. Kila mara jioni, kila mara shilingi 20,000. Alikuwa mteja wangu. Sura ile niliiona kweli dirishani, chini ya taa ileile, ikinisubiri nihesabu noti.

Bado anakuja kutoa pesa kwangu. Hunipa shikamoo, anaandika jina, anasaini. Mimi humhesabia nikiwa nimeinama, natazama mikono yake.

Mama wa Kibandani,
Mbagala, Dar es Salaam
(Jina na anwani vimehifadhiwa)