Tabo isibadilishwe kabla ya kukaguliwa

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi mafundi wa Mwanza waache kubadilisha tabo, kile kifaa kinachoshindilia hewa kwenye injini, kwa kubahatisha. Gari langu la dizeli, linalobeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba hadi Shinyanga, lilianza kuishiwa nguvu mlimani huku likitoa moshi mweusi, nami nikauziwa tabo nyingine ambayo haikuleta nafuu yoyote. Kumbe mpira unaopeleka hewa iliyoshindiliwa kwenye injini ulikuwa umepasuka kwa chini, mahali ambapo fundi mwenye subira angepapasa kwa mkono na kuuona.

Moshi mweusi huashiria kwamba hewa ni pungufu kuliko dizeli, hivyo chujio la hewa na mipira hiyo vitangulie kukaguliwa. Nguvu zikipungua bila moshi, chujio la dizeli litazamwe.

Kuhusu gari la dizeli kugoma kuwaka, injini yake huwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, kwa hiyo betri dhaifu inayoizungusha polepole yatosha kuizuia. Stata ikizungusha vizuri pasipo moshi wowote, yaelekea dizeli haifiki kwenye nozeli zinazoipuliza ndani ya injini, mara nyingi kwa sababu hewa imeingia kwenye mabomba ya dizeli.

Fundi anayetaka fedha ya tabo amwonyeshe kwanza mwenye gari jinsi mhimili wa tabo hiyo ulivyolegea na kucheza.

Msafirishaji wa dagaa,
Kirumba, Mwanza