Wakinyamaza, usidhani wamekubali

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu sana, na habari za wewe kufanywa mkuu wa kitengo ameshazitangaza kwa kila mwenye masikio. Hongera. Uliniuliza kwenye simu kiongozi mzuri ni mtu wa namna gani, nikakwambia nitakuandikia.

Sifa utatajiwa nyingi: awe mwaminifu, mchapakazi, mwenye upeo. Sizibishii. Ila nimeona watu wenye sifa zote hizo wakiharibikiwa, kwa sababu hawakujua cheo chao kinawafanya nini walio chini yao. Siku uliyokabidhiwa kazi hukubadilika wewe. Kilichobadilika ni uzito wa maneno yako. Ukikunja uso kwa sababu kichwa kinakuuma, kuna mtu hatalala akijiuliza amekosa nini. Ukisema "mnaonaje tukifanya hivi?", wewe umeuliza, wao wamesikia amri.

Mwaka 1961 mwanasaikolojia Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alianza majaribio ambayo hadi leo yanazua ubishi. Watu wa kawaida waliambiwa wampige shoti mtu aliyekuwa chumba cha pili kila alipokosa jibu, wakipandisha umeme kutoka volti 15 hadi 450. Umeme haukuwapo na yule mtu alikuwa anaigiza, ila wao hawakuambiwa. Msimamizi hakuwa na silaha wala uwezo wa kumfukuza mtu kazi. Alikuwa na koti la maabara, na sauti tulivu ya kuwaambia waendelee. Katika matokeo aliyoyachapisha 1963, watu 26 kati ya 40 walifika volti 450. Walitoka jasho, walitetemeka, walilalamika, na bado walibonyeza.

Wapo wataalamu waliomkosoa Milgram, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Mimi kinachonivuta zaidi ni jaribio lake jingine, ambamo wenzake wawili wa mshiriki, waliopangwa kwa siri, walikataa kuendelea mbele yake. Safari hiyo waliofika mwisho ni 4 tu kati ya 40. Koti lilikuwa lile lile, sauti ile ile. Kilichoongezeka ni mtu wa kwanza kusema hapana.

Kwa hiyo mtu wa aina hiyo ukimpata kitengoni kwako, usimvunje. Akikupinga mbele ya watu, mshukuru mbele ya hao hao, hata kama hoja yake haina kichwa wala miguu. Wengine wanakutazama wewe, wanapima kama kusema kuna gharama.

Na jifunze kusikia maneno ya mtu anayekuogopa, maana mara nyingi hayaji wazi. Tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu wa uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Hispania, rubani mkuu wa ndege ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, alianza kukimbiza ndege ili iruke kabla ya kupewa kibali. Hakuwa mwanagenzi, yeye ndiye aliyekuwa akifundisha marubani wenzake. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ametaka kuondoka, rubani msaidizi akamkumbusha kwamba kibali bado. Mara ya pili msaidizi hakumzuia. Mhandisi wa ndege aliposikia mazungumzo ya redio akauliza kama ndege nyingine, ya shirika la Pan Am la Marekani, imeshatoka kwenye njia ya kurukia. Rubani mkuu akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Ilikuwa bado. Ndege hizo mbili ziligongana, wakafa watu 583.

Zilikuwapo sababu nyingine pia: ukungu, redio kuingiliana, uwanja kufurika ndege zilizoelekezwa huko kutoka kwingine. Lakini tazama lile swali. Mtu ana shaka ya kufa na kupona, naye anaileta kwa adabu, kama anayeulizia saa. Baada ya hapo mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani wasaidizi kusema wazi, na wakuu wao kusikiliza. Kwako, mdogo wako kazini akikuuliza "una hakika, bosi?", usijibu "ndiyo". Mwulize ameona nini.

Kwenye vikao, toa maoni yako mwisho. Ukitangulia kusema, kilichobaki ni makofi. Sikuambii uwe mlaini, wala kila jambo liitiwe kikao. Nawajua wakuu wanaojificha nyuma ya vikao ili lawama igawanywe, na hao siwapendi. Ukishasikia, amua, na uamuzi ukiharibika sema ni wako. Aliyekuonya usimtafutie kisa baadaye kwa kuwa alikuwa sahihi. Hapo ndipo wengi huanguka, na kwa nje huwezi kuwagundua haraka, maana ofisi zao hutulia sana.

Ukipata nafasi niandikie. Nataka kujua ni nani wa kwanza kukubishia, na ulimjibu nini.

Baba yako