Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hardwick Hall na Gharama ya Mwanga

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ilichagua kasri moja tu, Hardwick Hall la Derbyshire, Uingereza, tulisome kwa kina.

Elizabeth Talbot, maarufu kama Bess wa Hardwick, alilijenga kati ya 1590 na 1597, na ramani inaaminika ni ya Robert Smythson. Vioo vilikuwa ghali mno enzi hizo. Bess akajaza madirisha kuta nzima, na juu ya minara akaweka herufi ES, yaani Elizabeth Shrewsbury, kwa kuwa alikuwa Countess wa Shrewsbury, zionekane toka mbali. Siri iko ndani: dohani nyingi zimepitishwa kwenye ukuta mnene wa katikati, hivyo kuta za nje zikabaki huru. Watumishi walikaa chini, familia katikati, wageni wa heshima juu kabisa, kwenye madirisha marefu kuliko yote. Kwangu huo ndio ubunifu mkubwa wa jengo hili.

Lakini mwanga huohuo unaharibu. Vitambaa vya ukutani vyenye picha za kisa cha Gideoni wa Biblia, vipande 13 vyenye kimo cha karibu mita 6, Bess alivinunua mwaka 1592 kwa warithi wa Sir Christopher Hatton, tena akapunguziwa pauni 5 za kubadilishia nembo ya Hatton iliyokuwa juu yake. Jua hupausha rangi na kuifanya hariri ikatike, ndiyo maana vyumba vyenye nguo za zamani hufungwa mapazia na mwanga hudhibitiwa, kwa kawaida usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga). Ukarabati wa vipande vyote ulichukua miaka 24, ukaisha 2023. Vilioshwa, vikashonewa kitani kwa nyuma, nyuzi zilizolegea zikashikizwa kwa mkono.

Nje, tatizo ni mawe ya mchanga. Ukiziba viungo kwa saruji, maji hukosa pa kutokea, huingia kwenye jiwe. Yakiganda wakati wa baridi, uso wa jiwe hubanduka. Tumia chokaa, iwe laini kuliko jiwe lenyewe. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua hili vizuri. Angalieni pia vyuma vya kushikilia vioo: vikipata kutu huvimba na kupasua fremu ya mawe.

Kasri lilichukuliwa na serikali 1956 badala ya kodi ya mirathi, na tangu 1959 liko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale.

Hesabu zimeambatishwa, maswali yamfikie mweka hazina kabla ya mkutano mkuu. Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza kasri la Wollaton Hall, kazi ya Smythson iliyokamilika 1588.