Risala ya Wauguzi wa Chumba cha Wagonjwa Mahututi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wauguzi Duniani, Moshi

Mheshimiwa mgeni rasmi, uongozi wa hospitali, madaktari, wauguzi na wakunga wenzetu, ndugu wa wagonjwa mliokuja kusherehekea nasi, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, nawe tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Leo ni tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale mwaka 1820, yule mwenye taa aliyewazungukia majeruhi usiku katika vita vya Crimea. Punde tumewasha mishumaa na kurudia kiapo chetu. Baadhi yetu tuliosimama hapa mbele tumetoka zamu ya usiku, hatujalala, ila tuliona siku hii tusiikose.

Mheshimiwa, chumba chetu kina vitanda sita. Wanaolala humo ni kijana wa bodaboda aliyegongwa njia ya Himo bila kofia ngumu kichwani, mama aliyeshikwa na kifafa cha mimba, mzee ambaye sukari imempanda hadi akapoteza fahamu, na mara nyingine mgumu, yaani mbeba mizigo ya wapanda mlima, aliyeshushwa mlimani mapafu yamejaa maji. Wengi wao hawawezi kukuambia, “Sista, naumwa hapa.” Basi tumejifunza kuwasoma: rangi ya midomo, jasho la paji la uso, mboni zinavyonywea ukimulika tochi, mkojo uliotoka ndani ya saa moja.

Anayechungulia dirishani huona mashine na kudhani ndizo zinazouguza. Mashine inasukuma hewa. Makohozi yakiziba mpira wa hewa uliopita kooni, inapiga kelele tu, na aliye karibu ndiye atakayefyonza. Kila baada ya saa mbili mgonjwa ageuzwe, la sivyo ngozi ya kiunoni na kisiginoni inachubuka na kuwa kidonda. Kinywa kisafishwe, kitanda kiinuliwe upande wa kichwa ili vya tumboni visipande vikaingia mapafuni, macho yasiyofumba yapakwe mafuta. Kumgeuza mtu mzima mwenye mipira mwili mzima kunataka watu watatu, mmoja wao kazi yake ikiwa ni kushikilia kichwa na mpira wa hewa, basi.

Turuhusu tukueleze usiku mmoja. Saa nane umeme ulikatika, jenereta ikachelewa kuwaka, na betri ya mashine moja ilikuwa imechoka. Mwenzetu akachomoa mpira kwenye mashine, akachomeka ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa, akaanza kuminya kwa mkono: minya, achia, hesabu hadi tano, minya. Dakika kumi na moja. Tulikuwa wauguzi wawili zamu ile. Mikono ya mmoja ikiwa kwa mgonjwa mmoja, wale watano walibaki kwa mwenzake, aliyekuwa akikimbia kitanda hadi kitanda na tochi ya simu. Asubuhi yule wa ambu alishindwa kushika kalamu aandike ripoti, tulimwandikia. Mgonjwa yule yu hai. Alirudi kliniki kwa miguu yake, na mama yake, ambaye siku zote zile alikuja na mtori kwenye chupa ingawa tulimweleza kuwa mwanawe analishwa kwa mpira wa puani, safari hii chupa alituletea sisi.

Hata vyumba vya namna hii vilianza kwa mikono. Mwaka 1952 jijini Copenhagen, Denmark, polio ilipolemaza misuli ya kupumua, Dkt. Bjørn Ibsen aliwezesha wagonjwa kupumuliwa kwa mpira uliopitishwa kooni, na wanafunzi wa udaktari wakakaa kando ya vitanda wakiminya mifuko ya hewa kwa kupokezana, usiku na mchana. Vifo vilipungua sana, kwa kuwa kila kitanda kilikuwa na mtu wake.

Kwa hiyo, mheshimiwa, ombi letu kubwa ni watu. Mgonjwa aliye kwenye mashine anastahili muuguzi wake, au tukibanwa sana muuguzi mmoja asizidishe wagonjwa wawili. Tunaomba zamu ya usiku iwe na wauguzi wanne, waliofundishwa kazi hii, na wakishaizoea wasihamishwe haraka kwenda wodi nyingine. Tunaomba pia betri mpya na jenereta inayojiwasha yenyewe. Na kwa ndugu zetu hawa wanaotoka Rombo na Same wakalala verandani, mvua ya masika ikiwapiga, tunaomba banda lenye mabenchi.

Ukimaliza kuhutubia, tunakuomba uingie nasi humo ndani walau dakika tano. Gauni la kuvaa na maji ya kunawa tumekuandalia mlangoni.

Tunaomba kuwasilisha.