Kwa sahibu wa Arusha: tundika timazi kwanza

Malindi

Sahibu yangu,

Waaleikum salaam. Barua yako imenikuta mzima, na watu wa nyumbani hawajambo, ila kusi limetukalia na wavuvi wanashinda chini ya mkwaju wakishona nyavu. Nimefurahi kibali chako cha kuwinda kimetoka. Huku kwetu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo tangu nistaafu ghala la silaha, bunduki ya masafa kwangu imebaki hadithi.

Sasa hilo lako. Unasema mita 100 risasi zinaingia tundu moja, lakini mita 600, na upepo umelala, zote zinakwenda kulia karibu shibiri nzima. Usiulaumu mtutu, wala usikimbilie kununua darubini nyingine. Mimi naushuku msalaba wa darubini, ile mistari ya kulengea iliyo ndani yake: haujasimama wima juu ya mtutu.

Tupige hesabu. Kwa bunduki yako ya .308, kutoka mita 100 hadi 600 unazungusha kinundu cha darubini kupandisha risasi kama mil 5. Mil moja, kipimo cha pembe, ni sentimita 10 kwa kila mita 100, basi mil 5 kwenye mita 600 ni mita 3. Msalaba ukiegemea kulia digrii 3 tu, kila ukizungusha kupanda unapanda mshazari, na zile mita 3 zinakutupa kando sentimita 16 hivi. Mita 100 hukuona kitu kwa sababu hukupandisha kitu. Kinachobaki kwenye shibiri yako huenda ni mzunguko wa risasi yenyewe. Mtutu wenye mifereji ya kuzungukia kulia huisukuma kulia kidogo kidogo kadiri masafa yanavyozidi.

Huyo fundi wako, kwa ulivyonieleza, aliweka pima maji juu ya kifuniko cha kinundu akaridhika. Kifuniko kinafungwa kwa nyuzi za skrubu, bwana. Nani alimwambia kiko sambamba na msalaba ulio ndani? Anza upya.

Toa risasi, chomoa bolti, kisha chungulia chemba kwa macho yako, usitegemee kumbukumbu. Legeza pete zinazoishika darubini mpaka izunguke kwa mkono bila kuchezacheza. Kabla ya lolote, tafuta umbali wa jicho: weka ukuzaji wa juu kabisa, lala kama unavyolala kupiga, fumba macho, weka shavu, fumbua. Ukiona kivuli pembeni, isogeze mbele au nyuma mpaka duara lijae. Wengi huliacha hili mwishoni, wakalazimika kulegeza kila kitu tena.

Halafu ibane bunduki kwenye stendi, weka pima maji ndogo juu ya reli ya bunduki inayobeba pete, uisawazishe mpaka kiputo kitulie katikati. Timazi usinunue. Chukua mshipi wa kuvulia, ufunge chubwi zito, utundike mbele ya ukuta mweupe, mita 25 hivi kutoka ulipo. Upepo ukiutikisa, tumbukiza chubwi kwenye ndoo ya maji, lisiguse chini, mshipi utatulia. Chungulia, uzungushe darubini taratibu mpaka mstari wa wima wa msalaba uufunike mshipi juu mpaka chini. Kisha rudi kwenye reli uangalie kama kiputo bado kiko katikati.

Penye kukaza ndipo kazi huharibika. Ukimaliza skrubu za upande mmoja kwanza, pete huivuta darubini ikazunguka nayo. Kaza kwa zamu, robo mzunguko, kimsalaba kama nati za gurudumu la gari, huku ukiangalia mwanya wa pete uwe sawa pande zote mbili. Kila zamu, chungulia mshipi tena. Pete nyingi hutaka nyutoni-mita 2 hivi, lakini fuata karatasi ya mtengenezaji wako na utumie bisibisi yenye kipimo. Mkono wa fundi aliyeshiba ugali si kipimo.

Ukimaliza, usirudi mita 600 kwanza. Nenda mita 100, weka karatasi ndefu, chora mstari wa wima kwa kufuata timazi. Lenga ncha ya chini ya mstari upige, pandisha mil 10, ulenge palepale. Risasi zitue mita moja juu, kwenye mstari uleule. Zikipotea kando sentimita 1.75, hiyo ni digrii moja. Mita 100 mzunguko wa risasi hauna la maana, na upepo ukiwa umelala, lawama zote ni za msalaba, au za mkono wako ukiinamisha bunduki. Kwa hilo la mwisho funga kipima maji kidogo kwenye bomba la darubini, ukitazame kabla ya kila risasi.

Nitumie picha ya karatasi hiyo, na rula iwe kando yake. Urefu nao ukikosa ule wa mita moja, niambie umekosa kwa kiasi gani, maana hapo tutakuwa tunazungumzia kliki, zile hatua za kinundu cha darubini yenyewe, na hizo haziponi kwa timazi.

Wasalimie wote.

Wako,
jirani yako wa zamani